Mafundo Saba ya Bi Nora

Mardhiya ana maneno mengi, na nusu yake ni ya kuchekesha watu. Lakini hili alinisimulia mara moja tu, jikoni kwake Barking, mchana kweupe, akichambua mchele, na hakucheka hata kidogo. Lilimpata shoga yake Jaya mwaka wa 1971, na mwisho wake aliuona yeye mwenyewe kwa macho yake. Nalileta kama nilivyolipokea.

Jaya na mumewe Chaman walifika London kutoka Mombasa Februari ya 1968, siku zile Wahindi wa Kenya walipokuwa wakigombania viti vya ndege kabla Waingereza hawajafunga mlango. Waliowahi waliingia. Mama yake Jaya, mjane aitwaye Bharti, alikuwa kitandani na homa. Alipopona, mlango ulikuwa umeshafungwa. Tangu hapo akawa anasubiri vocha, ile karatasi ya ruhusa, katika chumba kimoja cha kupanga Mombasa, miaka mitatu mizima, peke yake na jiko lake la mafuta ya taa.

Kabla ya kupanda ndege Jaya alikuwa amekwenda kwenye kaburi la pir mmoja, yaani walii, kando ya reli, nje ya mji, ambako Waislamu na Wahindu wote walikwenda kuomba. Alifunga uzi mwekundu kwenye nondo za dirisha akaweka nadhiri: mama yangu anifuate. Nadhiri ya pale ina sharti lake. Ukishajibiwa unafungua uzi mmoja. Wako huwezi kuujua tena kati ya mamia, kwa hiyo unafungua wa mtu yeyote, na kwa kufungua unamwombea naye shida yake ifunguke. Uzi huo unakwenda nao nyumbani, unauweka mahali pako pa sala. Usipotimiza, ulichopewa kinachukuliwa.

Mei ya 1971 vocha ilitoka. Tiketi ikakatwa, mama atatua Jumapili ya pili ya Julai. Jaya alilia kwa furaha, halafu akakumbuka kwamba kaburi liko Mombasa na yeye yuko Neasden, London.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya mama mmoja wa Kiairishi, mjane pia, aliyeitwa Nora. Wao walimwita Bi Nora, naye akalipenda jina hilo. Alikuwa mama mzito, kiziwi wa sikio la kushoto, na magoti yake yalikuwa yamevimba kiasi kwamba tangu Pasaka hakuwa amevuka kizingiti cha mlango wake. Chaman alikuwa akimnunulia mkate na kumpandishia makaa. Huyo Chaman siku za kazi alikuwa na shifti katika kiwanda cha biskuti, na siku za mapumziko alitengeneza saa za watu dirishani, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alikuwa mtu ambaye nzi akiingia chumbani humfungulia dirisha atoke. Wapangaji wa jirani walimtania kwamba hata mkewe akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi.

Bi Nora alizaliwa Kaunti ya Clare, pwani ya magharibi ya Ireland, na kalenda ya kwao ilining'inia jikoni kwake yenye picha ya magenge marefu yakiingia baharini. Chaman hakuweza kupita jikoni bila kuisimamia. Alikuwa na juma moja la likizo mwezi wa Juni, na mama mkwe alikuwa njiani, na mama mkwe akishaingia ndani mtu hapati tena safari ya yeye na mkewe. Akasema, twende tukayaone. Bi Nora aliwachorea ramani kwenye karatasi ya mkate. Mwisho wa ramani akaweka msalaba mdogo, kwenye kisima kitakatifu cha kijiji chake, akampa Jaya kipande cha shuka yake. "Nifungie hiki kwenye mti wa pale," alisema. "Ni kwa ajili ya magoti."

Walikwenda kwa treni, wakavuka kwa meli, wakapanda treni nyingine mpaka Ennis. Ennis ni mji wa vichochoro, maduka yamepakwa manjano na bluu, na jina la mwenyewe limeandikwa juu ya kila mlango. Chaman alisema ni Mji wa Kale wa Mombasa uliorowa, maana hata hapa watu wawili wakipishana ni lazima wasalimiane, njia yenyewe inawalazimisha. Walilala kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ambaye hakuwahi kumwona mtu asiyekula nyama. Akafikiri sana, kisha akawapikia viazi vya aina tatu.

Kilkee waliwaona watu wakioga katika ghuba yenye maji ya baridi ya kuuma mifupa, tena wakicheka. Lahinch walitembea juu ya mchanga mpana, mawimbi ya Atlantiki yakiviringika kutoka mbali. Kwenye magenge ya Moher hapakuwa na ua wala kamba. Chaman alilala kifudifudi ukingoni ili apige picha ya chini kabisa, na Jaya akamshika vifundo vya miguu, akihisi uzito wote wa mumewe mikononi mwake. Siku ya nne waliingia Burren, nchi ya mawe ya kijivu cheupe yaliyolala kama sakafu iliyopasuka, maili nyingi, bila mti. Katika nyufa mlikuwa na maua madogo ya bluu. Chaman alipiga magoti, akavaa jichoni kile kioo chake cha kukuzia cha ufundi wa saa, akalitazama ua moja muda mrefu. "Jaya," alisema, "aliyetengeneza hiki ana subira kunishinda." Jaya alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho aliyomwona mumewe bila kumhofia.

Siku ya mwisho waliifuata ramani. Njia ilipita kati ya kuta za mawe, kondoo huku na huku, mpaka kwenye kisima kidogo kilichojengewa, na juu yake mti wa miiba ulioinamia mbali na bahari. Matawi yote yalikuwa yamefungwa vitambaa. Leso, utepe, soksi ya mtoto mchanga, soksi ndefu ya mwanamke. Vingine vilikuwa vipya, vingine vimeoza mpaka vikawa nyuzi tu. Jaya alifunga kipande cha Bi Nora. Kisha akakaa akiutazama mti ule, na moyo ukamruka, kwa sababu alihisi amefika kwa pir wake.

Mardhiya anasema angekuwepo yeye angemshika mkono. Kwao Pemba kitambaa cha mzimu hakiguswi, hata kikiangushwa na upepo unakizunguka. Lakini hakuwepo.

Jaya alitafuta cha kufungua. Hakutaka chepesi. Alitaka kumfungulia mtu mwenye shida kubwa kuliko wote, ndivyo alivyofundishwa. Ndani kabisa, tawi linapokutana na shina, aliona pindo la mkono wa shati la kiume, la mistari, limeshonwa kwa uzi wa bluu, limefungwa mafundo saba, na kila fundo limemiminiwa nta ya mshumaa. Aliyefunga hiki alikuwa taabani, alijisemea, na miaka yote hii hakuna aliyemfungulia. Vidole vyake vilishindwa. Akamwita Chaman.

Chaman hatembei bila koleo yake ndogo na bisibisi. Alibandua nta kipande kwa kipande, akafungua fundo moja baada ya jingine, akipiga porojo na mafundo kama afanyavyo na saa mbovu. La saba lilikataa. Akaliuma kwa meno likaachia. Upepo ukatulia ghafla. Kondoo waliokuwa wakila nyuma ya ukuta waliinua vichwa wote kwa pamoja. Chaman alitema uzi, akajifuta midomo.

"Kina chumvi," alisema.

Walirudi London Jumapili. Jaya aliliweka lile pindo katika droo ya mahali pake pa sala, akawasha ubani, akashukuru. Jioni ile Chaman alipanda ngazi na ndoo ya makaa akipiga mluzi kupitia meno, wimbo mfupi wenye kupanda na kushuka, unaorudia palepale. Chini jikoni sahani ilianguka ikavunjika. Bi Nora alitoka mpaka mlangoni, uso hauna damu.

"Wimbo huo umeusikia wapi?" aliuliza.

"Wimbo gani?" Chaman alisema, na kweli hakujua.

Juma lililofuata, siku yake ya mapumziko, alikuwa mezani na saa kumi na nne za watu. Mchana, jua linaingia dirishani. Jaya alikuwa akikunja nguo. Alimwona Chaman akishuka chini na kurudi na nyundo ya kuvunjia makaa. Akazipanga saa zote mstari mmoja, akazinyoosha zikae sawa. Akaanza kupiga mluzi. Akaivunja ya kwanza kwa pigo moja. Akasogea. Ya pili. Hakuharakisha wala hakuruka hata moja. Kioo kilimkata shavu na damu ikamdondokea kolani, naye akaendelea mpaka ya kumi na nne. Kisha akaiweka nyundo chini na kuitazama meza.

"Nani amefanya hivi?" alimuuliza mkewe. Sauti yake ilikuwa ya upole wake uleule.

Baada ya siku tatu alimvunja taya mwenzake kiwandani kwa trei ya chuma. Yule mtu alikuwa ameanguka tayari, na Chaman alipiga magoti juu ya kifua chake akaendelea kumpiga, mpaka watu wanne wakamwondoa. Walisema alikuwa akipiga mluzi. Kazi ikaishia hapo. Yule aliyeumizwa hakumshtaki, kwa sababu Chaman mwenyewe alimbeba mpaka kwenye gari la wagonjwa huku akilia, akiuliza ni mnyama gani aliyemtenda vile.

Jumatano ya juma ambalo mwishoni mwake mama angefika, Jaya alikuwa anasukuma chapati. Alisikia mluzi nyuma yake. Chaman aliuchukua mkono wake wa kushoto taratibu, kama anayetaka kumvisha bangili. Akakishika kidole kidogo. Akakikunja nyuma. Jaya alisema, Chaman, unaniumiza. Kidole kikalia. Mluzi ukakatika, Chaman akakitazama, akageuza kichwa kama anavyosikiliza saa. Mluzi ukaanza tena. Akahamia kidole cha pili. Jaya alimpiga kwa kifimbo cha chapati usoni, naye hakupepesa macho. Cha pili kikalia.

Halafu akaamka. Aliona vidole vile akapiga ukelele, akararua shuka, akamfunga kwa mikono ile ile. "Niambie nani," alikuwa akisema. "Niambie nani kakufanya hivi, Jaya, nitamuua."

Jaya alisema ameanguka. Akavaa koti, akatoka mpaka kwenye kibanda cha simu, akampigia Mardhiya ofisini kwake. Mardhiya alikuwa karani, na waliokaa karibu yake hawakujua Kiswahili, kwa hiyo alisema alichotaka.

"Shoga, taratibu. Ulifungua cha nani?"

"Sijui cha nani. Chochote. Kwetu tunafungua chochote."

"Kwenu, ndiyo. Na wao wa kule ukawauliza? Mtu hafungi mafundo saba kuombea harusi, Jaya. Huyo kaacha kitu pale makusudi. Mama mwenye nyumba si ndiye wa huko? Kampe aone."

Kesho yake asubuhi Jaya alimkuta Bi Nora jikoni, akaliweka pindo la shati mezani. Bi Nora hakulishika. Aliutazama mkono uliofungwa, akautazama uzi wa bluu, kisha akakaa.

"Mshono huo ni wangu," alisema.

Alieleza kwa sauti ya chini, akiangalia dari, maana juu Chaman alikuwa akitembea. Shati lilikuwa la mumewe, Michael. Michael alikuwa na wimbo aliokuwa akiupiga kupitia meno, na ukiusikia ulikuwa na muda wa kufika mlangoni, basi. Sikio la kushoto la Bi Nora lilikwenda kwa jembe la kukatia ule udongo ambao kwao huwashwa kama kuni. "Tulikuwa na mtoto," alisema. "Wa miezi minane. Alikuwa analia, na Michael akaanza kupiga mluzi, na mimi nilikuwa nje nikianika nguo." Siku ya mazishi ya mtoto alikata pindo la shati alilokuwa amevaa Michael, akalipeleka kwenye mti, akaifunga ile hasira pale. Michael aliishi miaka thelathini na mmoja baada ya hapo bila kumpiga mtu. Alifia humu ndani usingizini, wala hakukumbuka kabisa kwamba aliwahi kuwa na mtoto.

"Yeye amekufa, lakini ile ilibaki pale pale nilipoifunga. Kila kitambaa pale kina maradhi ya mtu. Anayekifungua anayachukua. Sikuwaambia msiguse, kwa sababu kwetu hata mtoto mdogo anajua."

"Chaman ndiye aliyefungua," Jaya alisema. "Kwa meno yake. Mimi nilimwambia."

Dawa ilikuwa moja. Kirudishwe kwenye tawi lile lile, kifungwe mafundo saba na mwanamke anayemhofia mwanamume huyo na anayempenda. Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mama angetua Jumapili saa sita. Jaya alimfikiria mama yake, mwanamke asiyefika hata begani kwake, akiingia nyumba hii na vifuko vyake vya viungo, akilala chumba cha pili toka kwenye mkono ule. Hesabu ilikuwa nyepesi. Aondoke jioni ile, afike Ijumaa alasiri, arudi Jumapili alfajiri.

"Nani atakaa naye?"

"Mimi," Bi Nora alisema. "Mkono ule naujua kabla haujainuka."

"Na magoti yako, Bi Nora?"

"Hayajapona. Hata hivyo sina pa kukimbilia."

Jioni Jaya alitoka na pindo la shati kifuani, ndani ya nguo, na mshumaa mfukoni. Kutoka barabarani alitazama juu. Chaman alikuwa dirishani. Alimpungia mkono, taratibu, na midomo yake ilikuwa imekaa mkao wa mluzi.

Nchi ilikuwa ile ile. Ennis bado ilikuwa na rangi zake. Mtu alimsalimia kichochoroni naye hakuitikia. Basi lilipita Lahinch, watoto wanacheza mchangani na ndoo. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi. Dereva alimteremsha penye njia ya mawe. Akakimbia. Aliangalia saa ya mkononi, zawadi ya Chaman, isiyokosea dakika. Saa kumi kamili.

Kisimani palikuwa na mtu.

Mwanamke mzee, koti la kahawia, kitambaa kichwani, amempa mgongo. Alikuwa akikizunguka kisima kwa magoti juu ya changarawe, akinong'ona. Jaya alikwisha kusoma kwenye kibao mwezi wa Juni: watu wa pale huzunguka mara saba. Na Jaya alikuwa mtoto aliyelelewa. Kwa pir hupiti mbele ya mtu anayeomba, wala humkati sala yake. Unasimama nyuma unangoja.

Akasimama nyuma. Akangoja.

Mzunguko wa tatu. Wa nne. Matope meupe yalikuwa yanamganda mwanamke yule magotini. Wa tano. Jaya alilikamata pindo la shati akalihisi lina joto. Wa sita. Alitaka kupita. Hakupita. Wa saba. Yule mwanamke aliinuka bila kushika kitu, wepesi kama msichana, akaenda zake upande wa bahari nyuma ya ukuta. Hakugeuka.

Jaya alirukia mti. Mkono mmoja na meno. Fundo la kwanza. La pili. Miiba ilimchana uso. La saba alilikaza mpaka ufizi ukatoa damu, akayamiminia yote nta ya mshumaa. Upepo ukaanza tena. Nyuma ya ukuta kondoo waliinamisha vichwa, wakala. Saa ilikuwa kumi na dakika ishirini.

Jumapili saa moja asubuhi alifungua mlango wa Neasden. Nyumba ilikuwa kimya. Aliita. Hakuna mluzi. Akapiga hatua mbili.

Bi Nora alikuwa amelala chini ya ngazi, kichwa kimetazama mgongoni. Mdomo ulikuwa wazi na meno ya mbele hayapo. Mengine yalikuwa sakafuni, moja lilikuwa juu, kwenye ngazi ya tano. Mwili ulikuwa wa baridi. Damu ilikuwa imekauka chini yake. Jaya alipandisha macho. Kulikuwa na damu ngazi ya kati. Kulikuwa na damu ngazi ya juu kabisa, nyingi, na nywele nyeupe zimenata ukutani, na mburuzo mmoja mpana ulitoka chini ukarudi juu. Ndipo akaelewa kwamba Bi Nora hakuanguka mara moja. Aliangushwa, akabebwa juu, akaangushwa tena.

Saa ya mkononi ya Bi Nora ilikuwa imevunjika kioo. Ilisimama saa kumi na dakika tano.

Saa kumi na dakika tano Jaya alikuwa amesimama kisimani, kitambaa mkononi, akimngoja mtu amalize sala. Robo saa ya adabu. Alikaa sakafuni, akajipiga kifua kwa ule mkono mbovu mpaka maumivu yakamzima sauti.

Juu, Chaman alikuwa mezani na kile kioo jichoni. Alikuwa ametengeneza saa tatu kati ya kumi na nne. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Alimtazama kwa macho yale aliyolitazamia ua la Burren.

"Umerudi," alisema. "Mama keshafika? Bi Nora simsikii tangu juzi. Nilidhani mmekwenda wote."

Hasemi uongo, Jaya aliona hivyo. Na hapo akafanya jambo ambalo hajawahi kulijutia wala kujisamehe. Alichota maji, akaosha ngazi ya juu na ya kati na ukuta, akaokota jino, akafungua ngumi ya Bi Nora akatoa kifungo cha shati la Chaman. Akaiacha damu ya chini peke yake, kwa sababu mtu anayeanguka mara moja hutoa damu mahali pamoja. Kisha akaita gari la wagonjwa. Daktari alikuta mama mzee, magoti mabovu, ngazi kali, akaandika kwamba ameanguka.

Lakini kabla hawajafika Jaya alitaka kumfunika, na akaona mambo ambayo daktari hakuyaangalia. Bi Nora alikuwa amevaa koti lake la kahawia, na kitambaa kichwani, mama ambaye hakuvuka mlango tangu Pasaka. Magoti yake hayakuwa na uvimbe tena, yalikuwa membamba. Ngozi yake ilikuwa imechunika, changarawe zimezama ndani. Na matope meupe. Yalikuwa hayajakauka.

Saa nane mchana Mardhiya alimleta mama kutoka uwanja wa ndege. Bharti alimkumbatia mwanawe pale mlangoni, akalia, akamshika uso. "Nadhiri yako ulitimiza?" aliuliza. "Ulinifungulia uzi?"

"Nilifungua, mama," Jaya alisema.

Bharti alipanda juu kumwona mkwe wake. Chaman alisimama kwa heshima, akainama, akagusa miguu yake. Mama akamwekea mkono kichwani, akamsifu, mtu mpole namna hii. Kisha akatazama chini. Hapo ndipo Mardhiya naye alipoona.

Kukizunguka kiti cha Chaman sakafuni palikuwa na duara la matope meupe, upana wa magoti mawili ya mtu, limekwenda na kurudi juu yake lenyewe mara nyingi. Mardhiya aliinama akaligusa. Lilikuwa bichi, na baridi.

"Liko hapo tangu Ijumaa," Chaman alisema, akiomba radhi. "Nalifuta, asubuhi nalikuta tena."

Miaka sita baadaye walihamia Rayners Lane, nyumba yao wenyewe, zulia jipya. Chaman aliweka meza yake dirishani, akaishi mpaka uzeeni bila kumwinulia mtu mkono, na mama mkwe alifia mikononi mwake akimbariki. Mardhiya alikuwa akienda kuwatembelea kila Idi na kila Diwali. Anasema katika chumba kile Jaya alipiga deki kila siku, pembe zote, chini ya kabati, nyuma ya mlango. Zulia kukizunguka kiti cha mumewe, ambako matope yale yaliwafuata, alilikata akalitoa, likabaki ubao mtupu. Pale hapigi deki. Anapita kando na ndoo yake, taratibu, kama mtu anayepita nyuma ya mwenzake anayeomba.